Corolla 110 inazima ikipata moto, ikipoa inawaka: ignaita, koili, pampu au nini?

#1 Mteremko wa Kitonga
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110, injini 5A-FE, gia otomatiki, niko Dar. Asubuhi linawaka kwa kugusa tu na linatembea bila tabu. Likishapata moto, hasa foleni ya mchana Barabara ya Mandela, linazima ghafla. Halimisi kwanza, halitetemeki, linakata kama mtu kageuza funguo. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri ila haliwaki. Nikifungua boneti nikakaa kama nusu saa, linawaka tena na safari inaendelea. Mshale wa joto hauvuki katikati, maji yapo, feni inapiga.

Fundi wa kwanza kabadilisha plagi na waya zake. Wa pili kasema pampu ya mafuta. Wa tatu kasema distribyuta nzima, ile inayogawa moto kwenye plagi, itupwe. Kila mmoja ana kitu chake cha kuuza. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, nitajuaje tatizo liko wapi kabla sijanunua spea nyingine?

#2 Bosi wa Vumbi
Hilo linachemka. Toa themostati haraka. Silinda hedi ikipinda utakuja kulia hapa.

#3 Rewaya Ubungo
Bosi wa Vumbi, rudi ukasome tena bandiko. Mshale hauvuki katikati, maji yapo. Na tuache kuwaambia watu watoe themostati, injini inakaa baridi muda wote na inakunywa mafuta bure.

Mteremko, kwa dalili hizo mimi ningeanza na ignaita. Ndani yake kuna transista ya nguvu inayopitisha mkondo wa koili na kuukata. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inatuma ishara, kwenye michoro inaitwa IGT, transista inapitisha mkondo, kisha ishara inakatika na mkondo unakatika ghafla. Mkato huo ndio unaofanya koili itoe volti 20,000 na zaidi kwenda kwenye plagi. Sasa kifaa kimepashwa moto na kupozwa kila siku kwa miaka zaidi ya 20. Risasi ya kulehemu iliyoishika transista inaweka nyufa ndogo. Ikiwa baridi zinagusana, joto likipanda vitu vinatanuka, zinaachana. Ikipoa, zinarudi.

Lakini usinunue kitu kwa maneno yangu. Likizima tena usikae kusubiri lipoe. Muda huohuo chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ulaze chuma cha plagi kwenye bloku mahali pasafi, mtu apige stata. Moto, yaani cheche, upo au haupo? Bila jibu la hapo wote tunapiga ramli.

#4 Mama Vitz
Mimi si fundi, nina saluni tu Mbezi. Ila hiki kisa nakijua. Vitz yangu ya kwanza ilikuwa inazima hivihivi jua likiwaka. Nikauziwa koili, nikauziwa nyingine, haikupona. Mwisho kijana mmoja akapima kwa mashine akasema sensa ya kranki. Ilipobadilishwa ikaisha. Kwa hiyo kaka, ulizia sensa ya kranki.

#5 Rewaya Ubungo
Dada, kwa Vitz yako upo sahihi kabisa, ile haina distribyuta, kila plagi ina koili yake juu. Hii 5A-FE yenye distribyuta haina sensa ya kranki ya pembeni. Kazi hiyo inafanywa na koili ndogo mbili humohumo ndani ya distribyuta, moja ya G, inayoonyesha mkao wa kamshafti, na moja ya NE, inayoonyesha mzunguko wa injini. Na zenyewe zinaweza kufa zikipata joto, kwa hiyo wazo lako lisitupwe. Atapima kwa mita. G isome kati ya omu 185 na 275, NE kati ya 370 na 550, hapo ni baridi. Zikiwa na moto zinapanda, G inafika 325 na NE inafika 650. Mita isiposogea kabisa, waya umekatika ndani. Mwanya kati ya jino linalozunguka na shafti na hiyo koili ndogo nao upimwe kwa geji, unatakiwa milimita 0.2 hadi 0.4. Beringi ya shafti ikilegea mwanya unacheza na ishara inapotea.

#6 Mzee wa Platini
Vijana, nimefuatilia. Nimeanza kazi hii Tanga na Land Rover za platini, ile swichi ya kukata na kuunga umeme wa koili, na kondensa. Mfukoni msasa mdogo na geji, kila baada ya safari ndefu unafungua kifuniko unasugua platini. Chrysler waliondoa platini kwenye magari yao yote mwaka 1973 wakaweka umeme wa transista, na wengine wote wakafuata, maana platini inachomeka na transista haisuguliwi.

Lakini koili ni ileile. Waya mwembamba maelfu ya mizunguko, vanishi juu yake. Vanishi ikichoka, ikipata moto mizunguko inagusana, koili inapoteza nguvu. Ikipoa zinaachana. Hiyo dalili ya kijana nimeiona kwenye koili toka hakuna ignaita duniani. Mimi naishuku koili, na koili ni rahisi kubadilisha kuliko distribyuta nzima.

#7 Nai wa Grogan
Salamu kutoka Nairobi. Nimekaa na spea Kirinyaga Road miaka mingi, wengi mnaijua kama Grogan. Mteremko, hao mafundi wako wasidharauliwe upesi. Pampu kuukuu hufanya hivyo pia. Mota yake ikipata joto brashi zinashika, inasimama, ikipoa inarudi. Na wateja walionunua ignaita kwangu kisha wakarudi kununua pampu si wachache.

Kupima ni rahisi. Kwenye chumba cha injini kuna kile kisanduku cheusi cha kupimia chenye kifuniko. Likizima, washa swichi bila kupiga stata, unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya. Pampu inatakiwa ilie. Shika bomba la petroli uhisi likikaza. Ikilia na bomba likikaza, lakini ukitoa ule waya na kupiga stata pampu hailii, basi pampu ni nzima, shuku rilei yake, ile swichi inayoilisha umeme, au ishara inayoiwasha.

#8 Omu na Volti
Naongeza hesabu kwa Mzee wa Platini ili mtu asitupe koili nzima. Shaba huongeza ukinzani kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Koili inayosoma omu 1.4 asubuhi kwenye digrii 25, ikifika digrii 95 itasoma karibu 1.8. Hiyo haijaharibika, ndivyo shaba ilivyo. Ndiyo maana kitabu cha Toyota kinatoa vipimo viwili. Upande wa kuingizia omu 1.11 hadi 1.75 ikiwa baridi na 1.41 hadi 2.05 ikiwa na moto. Upande wa kutolea kilo-omu 9.0 hadi 15.7 baridi, 11.4 hadi 18.4 moto. Ukipima koili ya moto kwa kipimo cha baridi utaihukumu bure.

Pia mita ya kawaida inatuma volti ndogo sana. Vanishi inayovuja kwenye volti 20,000 haionekani kwa mita. Koili inaweza kusoma vizuri kabisa na bado ikawa mbovu.

#9 Mzee wa Platini
Omu na Volti, hapo mwisho umenisemea. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunaifunga koili nyingine na kuendesha.

#10 Kijiko cha Grisi
Njia ya haraka: likiwa linaunguruma chomoa waya mmojammoja wa plagi. Ukichomoa wenye moto injini inabadilika sauti, ukichomoa usio na moto haibadiliki. Shika kwa kitambaa tu.

#11 Rewaya Ubungo
Kijiko, hapana, na naomba asiyejua asifanye. Kwanza gari hili likifa linakufa lote, haliko kwenye kumisi silinda moja. Pili kitambaa hakizuii volti 20,000, mtu anarushwa na mkono unagonga feni. Tatu, ukiacha waya unaning'inia, umeme wa koili unakosa pa kwenda, unatoboa ndani ya koili au unarudi kuua ignaita iliyokuwa nzima. Mifumo hii si ya platini. Plagi ya akiba iliyolazwa kwenye bloku ndiyo njia, na mkono ukae mbali.

#12 Kijiko cha Grisi
Sawa mkuu, tumepokea.

#13 Mteremko wa Kitonga
Nashukuruni sana. Naongeza jambo ambalo pengine lina uzito: gari lina mfumo wa gesi asilia, nilifungiwa mwaka jana. Nafanyia biashara ya abiria. Mara nyingi nakuwa kwenye gesi, petroli natumia kuwashia asubuhi na gesi ikiisha. Na linazima kote, kwenye gesi na kwenye petroli.

#14 Bosi wa Vumbi
Kumbe! Kurasa zote hizi tunajadili pampu na mtu anatembelea gesi.

#15 Rewaya Ubungo
Hii imebadilisha mambo. Kama linazima likiwa kwenye gesi, pampu ya petroli haina mkono hapo, gesi inakuja na msukumo wake kutoka kwenye mtungi. Nai, pampu tuiweke pembeni.

#16 Nai wa Grogan
Pembeni, lakini isisahaulike. Anayetembelea gesi huku tangi kavu anaua pampu, maana petroli ndiyo inayoipoza. Anaweza kuwa na magonjwa mawili. Na rilei kuu ya EFI, mfumo wa kunyunyiza mafuta, inalisha kontroli boksi, hiyo ikikata ikiwa na moto hakuna gesi wala petroli itakayokusaidia. Mimi naondoka kwenye pampu, nahamia kwenye rilei.

#17 Gesi Kimara
Mimi nafunga hii mifumo, niseme ninachokiona. Gesi asilia inahitaji volti kubwa zaidi ili cheche iruke kuliko petroli. Koili iliyokuwa inaponea kwenye petroli, ukiiweka kwenye gesi inafanya kazi ngumu kuliko ilivyozoea. Waya wa plagi wenye ufa, kepi ya distribyuta yenye ufa, rota iliyoliwa ndani yake, vyote vinajitokeza ukihamia gesi. Kwa 5A-FE mwanya wa plagi kiwandani ni milimita 0.8, kwenye gesi mimi napunguza kidogo. Na waya za plagi zipimwe, wowote ukizidi kilo-omu 25 utupwe.

Pia Mteremko, angalia kama umefungiwa kisanduku cha kusogeza taimingi. Gesi inaungua taratibu, kwa hiyo wengine wanaweka kifaa cha kuwahisha cheche, na kifaa hicho kinakata waya za ishara kutoka kwenye distribyuta na kupita katikati. Maungio yakifungwa kwa tepu tu, joto la injini linayalegeza. Imyuleta ya nozeli, inayodanganya kontroli boksi kwamba nozeli za petroli bado zinapiga, nayo ina maungio yake. Chomoa vyote, rudisha waya za kiwandani, tembea na petroli tupu, uone.

#18 Pwani ya Chumvi
Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatuulizi mara mbili, tunaanza na erthi. Ignaita inapata erthi yake kwa mwili, kupitia skrubu zilizoishika. Chumvi ya bahari ikiingia, kutu inafanya utando, mkondo unapita kwa shida. Gari likiwa baridi unapita, likipata moto ukinzani unapanda, basi. Toa skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha. Na chini ya ignaita kunakuwa na grisi nyeupe ya kupitisha joto, ikikauka ignaita haina pa kutolea joto lake. Wengi wakifungua wanaifuta na hawaweki nyingine. Kisha wanashangaa mpya imekufa.

#19 Omu na Volti
Sheikh, la grisi nakuunga mkono kwa mikono miwili. La erthi kupanda ukinzani kwa joto mpaka gari kuzima kabisa, hapo nasita, mara nyingi erthi mbovu inamisi kwanza. Mteremko kasema linakata bila kumisi.

#20 Pwani ya Chumvi
Njoo huku uone gari zinavyokata bila kumisi, kijana wangu.

#21 Carina Mwanza
Hamjataja alamu. Carina Ti yangu ilinisumbua msimu mzima wa joto. Mafundi wanne na distribyuta mbili. Kumbe yule aliyefunga alamu zamani alikata waya wa swichi chini ya usukani, akapitisha kwenye rilei ndogo ya kuzuia wizi, akasokota waya kwa mkono na kuzungushia tepu. Gari likikaa juani, chini ya dashibodi panakuwa tanuri, rilei inaachia. Nilipong'oa alamu na kuunganisha waya kwa risasi, ugonjwa ukaisha siku hiyohiyo. Ignaita zangu mbili nikamuuzia jirani.

Na swichi ya funguo yenyewe inachakaa ndani. Shika funguo uitikise taratibu gari likiwa linaunguruma, usiizime tu.

#22 Mama Vitz
Huyo jirani hajambo? 😀

#23 Carina Mwanza
Anatembea vizuri dada, zilikuwa nzima zote mbili!

#24 Rewaya Ubungo
Sasa tuna maelezo mengi kuliko waya za gari lenyewe. Nampa Mteremko kipimo kimoja cha kupunguza. Chukua balbu ndogo ya volti 12, ya taa za kuegesha inatosha. Waya mmoja uuguse kwenye upande chanya wa koili, mwingine kwenye erthi nzuri, upitishe balbu ionekane kwenye kioo cha mbele. Tembea nayo. Gari likizima, usiguse funguo, tazama balbu. Ikizimika pamoja na injini, umeme umekatika kabla ya koili: swichi, fyuzi, rilei, alamu ya Carina Mwanza. Ikibaki inawaka, umeme unafika na ugonjwa uko mbele yake: ignaita, koili, koili ndogo za ndani, au kontroli boksi.

Usije ukaigusisha balbu hiyo kwenye waya wa IGT au waya wowote wa kontroli boksi. Mkondo wa balbu ni mkubwa, utachoma boksi. IGT inapimwa kwa taa ndogo ya LED yenye rizista ya kilo-omu 1.

#25 Nai wa Grogan
Balbu nzuri, lakini inaona waya mmoja. Rilei ya EFI inalisha kontroli boksi kwa waya mwingine. Balbu itabaki inawaka huku boksi limekufa. Aangalie na taa ya injini kwenye dashibodi. Funguo ikiwa imewashwa na injini imezima, taa hiyo inatakiwa iwake. Isipowaka, boksi halina umeme.

#26 Rewaya Ubungo
Sahihi. Aangalie vyote viwili.

#27 Omu na Volti
Na asome msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa kwenye boksi. Kwenye kisanduku kilekile cha Nai, unganisha TE1 na E1, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa kasi moja, hakuna msimbo. Moja, pumziko, mbili, hiyo ni 12, ishara ya G au NE haifiki wakati wa kupiga stata. Msimbo 13 ni NE kupotea injini ikiwa kwenye mwendo. Msimbo 14 ni IGF haikurudi.

Hii IGF ndiyo watu wanaisahau. Kila cheche ikipigwa, ignaita inarudisha ishara kwa boksi kusema kazi imefanyika. Boksi likituma IGT mara kadhaa mfululizo lisipate jibu, linafunga nozeli ili petroli isimwagike bure kwenye silinda. Kwa hiyo fundi akikuta nozeli hazipigi asikimbilie kusema ni mafuta. Huenda nozeli zimefungwa kwa sababu ya kukosa moto wa plagi.

#28 Wa Probox
Swali la pembeni wakuu: hii ya konyeza inafanya kazi kwenye IST na Probox?

#29 Omu na Volti
Kwenye hizo tumia mashine, zina tundu la pini 16 chini ya usukani. 1NZ-FE haina distribyuta, kila koili ina ignaita ndani yake na waya nne. Ikimisi, msimbo P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, endelea hivyo. Hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye nyingine. Msimbo ukihama nayo, koili ni mbovu. Usipohama, tazama plagi, nozeli au waya.

#30 Wa Probox
Ahsante mkuu, nitaanza na hiyo kabla ya kwenda dukani.

#31 Mteremko wa Kitonga
Nimerudi na majibu. Limezima jana Tabata, jua kali. Balbu ilibaki inawaka. Taa ya injini iliwaka. Plagi ya akiba niliyoilaza kwenye bloku haikutoa moto hata kidogo, mwanangu alipiga stata mimi natazama. Nimesoma msimbo, ni 14. Nikautoa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, nikaendelea. Leo limezima tena, nikasoma, hakuna msimbo kabisa.

Na kabla ya haya yote, yule fundi wa tatu alikuwa ameshanishawishi, tukafunga distribyuta ya mtumba kutoka Ilala. Lilitembea vizuri siku kadhaa, kisha likaanza tena. Hiyo ya mtumba ndiyo ipo sasa.

#32 Rewaya Ubungo
Hakuna moto, umeme unafika, boksi liko hai, msimbo 14. Kwangu mimi hiyo ni ignaita. Distribyuta ya mtumba ina umri uleule na imetoka kwenye gari la umri uleule. Kuibadilisha hakukuthibitisha kitu zaidi ya kwamba zote mbili zimechoka.

#33 Carina Mwanza
Au kumethibitisha kwamba ugonjwa haupo kwenye distribyuta. Distribyuta mbili, dalili moja. Mimi nilikuwa hapohapo.

#34 Mzee wa Platini
Mteremko, hiyo ya mtumba ilikuja na koili yake, au fundi alihamisha koili yako ya zamani?

#35 Mteremko wa Kitonga
Mzee, swali zuri. Nimempigia fundi. Koili ni ileile ya zamani, anasema ya mtumba ilikuwa na kutu kwenye pini akaweka yangu.

#36 Mzee wa Platini
Basi mimi sina la kuongeza. Distribyuta mbili, koili moja.

#37 Rewaya Ubungo
Mzee shikamoo, ila koili ikivuja ndani ignaita bado inarudisha IGF, kwa sababu IGF inatokana na mkondo wa upande wa kuingizia. Msimbo 14 unaelekea kwenye ignaita au waya wake zaidi kuliko koili.

#38 Mzee wa Platini
Marahaba. Na upande wa kuingizia ukikatika ndani ya koili ikiwa na moto, mkondo utatoka wapi? IGF itarudi vipi?

#39 Omu na Volti
Mzee ana hoja. Waya wa kuingizia ukikatika, IGF haiji, msimbo 14 unaingia hivyohivyo. Na leo hakuna msimbo, jambo linalonisumbua zaidi. Kama NE ilipotea injini ikiwa inashuka mwendo kwenye foleni, boksi linaweza lisiweke 13. Koili ndogo za Mama Vitz na Rewaya hazijapimwa zikiwa na moto.

#40 Gesi Kimara
Na maungio ya gesi? Kuna mtu kayagusa?

#41 Mama Vitz
Jamani, kwa nini asipashe moto kitu kimojakimoja? Mimi nina mashine za kukaushia nywele saluni. Gari likiwa baridi, liwashe, elekeza hewa ya moto kwenye hicho kitu. Likizima, mmempata mwizi. Aje Mbezi, nampa bure.

#42 Bosi wa Vumbi
Mteremko akitoka hapo gari lina nywele za kunyooka.

#43 Rewaya Ubungo
Bosi wa Vumbi cheka, ila dada katoa kipimo ambacho gereji nyingi hazikifanyi. Mteremko nenda. Ukishalizima kwa joto, chukua kitambaa chenye maji kidogo ukakiguse nje ya sehemu uliyoipasha, kisitiririke. Likiwaka haraka, umepata jibu la pili.

#44 Mteremko wa Kitonga
Nimetoka Mbezi, dada Mungu akubariki. Limezima! Injini ilikuwa baridi, tumelenga distribyuta, baada ya dakika chache likakata vilevile kama barabarani. Kitambaa cha maji, likawaka. Tatizo ni kwamba kwenye distribyuta hii ignaita na koili ziko ndani ya nyumba moja, na zile koili ndogo ziko hapohapo chini. Hewa ya moto imepita kote.

#45 Pwani ya Chumvi
Na skrubu za erthi pia zimepata moto huo.

#46 Nai wa Grogan
Angalau rilei na swichi zimeachiwa huru, nami natoka kizimbani. Mteremko, ushauri wa muuza spea ambaye hatauza chochote hapa: badilisha kimoja, tembea, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kamwe, na siku ikirudi utaanza upya. Na ignaita ikiwa ya bei ya kutupwa kuliko wenzake wote dukani, iache. Za kuiga ni nyingi, kwa nje zinafanana, zinakufa kwa joto lilelile.

#47 Carina Mwanza
Mimi bado nasema pima waya kutoka distribyuta hadi kwenye boksi ukiukunja na kuutikisa. Zile waya fupi za ndani ya distribyuta nazo zinakauka, ganda linapasuka.

#48 Mteremko wa Kitonga
Nimeamua nianze na koili ya Mzee, ndiyo nafuu na ndiyo pekee ambayo haijawahi kubadilishwa. Wakati imefunguliwa nitapima G na NE zikiwa na moto wa saluni, nitasugua skrubu, nitaweka grisi mpya chini ya ignaita.

#49 Rewaya Ubungo
Ukisugua skrubu, ukaweka grisi na koili kwa siku moja, likipona hutajua ni kipi. Nai kasema hivi punde.

#50 Pwani ya Chumvi
Likipona, aendeshe. Ana abiria.

#51 Gesi Kimara
Mteremko, kisanduku cha taimingi kipo au hakipo? Nimeuliza tangu #17. Kama waya za G na NE zimekatwa kupita humo, hata ukiweka distribyuta mpya kutoka kiwandani ishara yake bado inapita kwenye maungio ya tepu, na yako karibu na distribyuta, joto la saluni limeyafikia. Piga picha upande huo wa injini uiweke hapa.

#52 Mteremko wa Kitonga
Mkuu, kipo. Kimefungwa kwa vibano vya plastiki ukutani nyuma ya distribyuta, waya nne zinaingia na nne zinatoka. Naweka picha kesho mchana, sasa hivi niko na abiria Kigamboni.

#53 Mzee wa Platini
Kabla ya picha, chomoa hicho kisanduku.

#54 Rewaya Ubungo
Asikichomoe tu kikabaki waya zinaning'inia, halitawaka kabisa. Waya za kiwandani ziunganishwe moja kwa moja, rangi kwa rangi, kwa risasi.